Kolwezi: Ndeke ya Papa Injinia na makaburi ya mtaa wetu

 Tangu mwezi uliopita mmenituma ujumbe mwingi mkiuliza kama ni kweli nilipita juu ya mtaa wetu wa zamani kwa ndeke, nilikwenda na nani, na niliona nini. Wengine mmeongeza kwamba sasa nimekuwa tajiri, sikumbuki tena bukari na sombe. Leo ninawajibu wote. Mtanivumilia kidogo, kwa sababu siwezi kuwaeleza nilichoona bila kuwaeleza kwanza ndeke yenyewe, na kwa nini tulingoja karibu miaka miwili.

Jina la mtaa sitalitaja, wala la kampuni iliyouchukua. Shauri letu bado liko mezani, na wanaohusika wanajijua.

Ndeke si yangu. Ni ya mzee mmoja tunayemwita Papa Injinia, aliyefanya kazi ya umeme Gécamines mpaka kustaafu. Alijifunza kurusha Afrika Kusini akiwa bado na mshahara, kisha akanunua Zambia Cessna 172 iliyochoka, ya viti vinne na propela moja, mabawa yake juu ya vichwa. Ikiwa tupu ni nyepesi kuliko Toyota ndogo. Watu wawili tunaisukuma kwa mikono na kuiingiza ndani ya hangari. Mtu mwenye ndeke mnafikiri ana pesa. Mimi nimesukuma gari la Papa asubuhi nyingi kuliko nilivyosukuma ndeke yake.

Nilimfahamu mwaka 2014, nilipokwenda kumuuliza maswali kwa ajili ya habari moja fupi. Alinijibu huku amelala chini ya tumbo la ndeke, akaniambia nimshikie taa. Tangu siku hiyo nimekuwa mshika taa wake wa Jumamosi. Naosha tumbo, nafunua kifuniko cha moteri, naandika namba ndani ya kitabu anaponisomea. Kazi za hatari hazinihusu, na nyingine hata yeye hazimhusu: kila mwaka anakuja fundi mwenye leseni kutoka Lubumbashi, anaifungua yote, na bila saini yake ndeke hairuki.

Mama yangu hakuwahi kuifurahia hiyo Jumamosi yangu. Wakubwa kati yenu mtamwelewa. Kolwezi sauti ya moteri angani haikutujia kwanza kama starehe. Mwaka 1961, siku za Katanga ya Tshombe, ndeke ya vita aina ya Fouga ilikuwa ikitumia kiwanja cha hapa. Halafu ikaja Mei 1978. Nilikuwa na miaka minane. Tarehe 19 askari wa Ufaransa waliruka kwa miavuli juu ya mji, na sisi tulikuwa chini ya kitanda, mama ametuzibia kwa godoro, baba amekaa mlangoni na jagi la maji bila kusema neno. Mpaka leo mama akisikia ndeke anasimamisha mwiko ndani ya sufuria na kusikiliza kwanza inaelekea wapi.

Sasa niwaambie jinsi Papa anavyoanza siku. Hagusi ufunguo. Anaondoa kitambaa chekundu kilichofunika kibomba kidogo chini ya bawa, kile kinachopima mwendo kwa nguvu ya upepo. Ukikisahau wazi usiku mmoja tu, nyigu wanakijaza udongo, na utajikuta angani na mshale unaokudanganya. Anaangalia chini ya kifuniko cha moteri kama ndege wa kweli hawajaleta majani. Mwezi wa Septemba wanajenga kiota kwa asubuhi mbili. Anapapasa matairi, kwa sababu jua la huku linayapasua hata yasipotembea. Chujio la hewa analipiga-piga mkononi, na vumbi linalotoka ni jekundu upande mmoja na la kijivu upande mwingine, la barabara na la machimbo.

Kisha mafuta. Ndeke hii hainywi mafuta ya gari wala yale ya ndeke kubwa. Inakunywa petroli yake maalumu iliyotiwa rangi ya bluu, ambayo kwetu inakuja ndani ya mapipa ya lita 200, na bei yake ni ya kumfanya mtu atubu. Chini ya kila bawa kuna kizibo kidogo. Papa anakibonyeza, anakinga ndani ya chupa nyeupe, anaiinua juani. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kama jicho. Wakati wa mvua, tangu Novemba mpaka Aprili, nimemwona akimwaga chupa tatu, nne, mpaka jicho lile limekwisha.

Siku moja, miaka kadhaa iliyopita, pipa jipya lilifika na rangi ikawa hafifu. Mimi niliona bluu. Papa aliona bluu iliyochoka. Alidondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe ya daftari langu, akaweka jiwe juu ya ukingo wake, tukangoja. Petroli ya ndeke ikikauka haiachi mafuta. Karatasi ile ilibaki na doa linalong'aa, kama karatasi iliyofungia mandazi. Mtu alikuwa amechanganya na mafuta ya ndeke kubwa, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Ubaya wa mchanganyiko huo ni kwamba moteri inawaka vizuri tu, inakwenda mpaka mwisho wa kiwanja kwa mafuta mazuri yaliyobaki ndani ya mipira, inanyanyuka, halafu inakufa ukiwa juu ya miti. Siku hiyo ndani ya hangari alikuwepo mfanyabiashara aliyetaka kupelekwa Lubumbashi kwenye msiba. Kwa barabara ni karibu kilomita 300; kwa ndeke ile ni saa moja na robo. Alipiga kelele, akatoa dolari, akapiga kelele tena. Papa alimwonyesha karatasi. Yule bwana akasema, «Papa, karatasi ni karatasi!» akaondoka kwa gari, akafika usiku, msiba umekwisha. Mpaka leo hamsalimii Papa.

Mimi wakati ule nilicheka. Nilikuwa sijajua kwamba na mimi zamu yangu itafika.

Kuna jambo moja ambalo watu wa hapa tunalijua mwilini bila kulipigia hesabu: Kolwezi iko juu. Kiwanja kiko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Mchana wa Oktoba, joto likipanda mpaka 30, hewa inakuwa nyembamba kana kwamba uko mita 2,400. Propela inashika kidogo, bawa linabeba kidogo, na moteri yenye nguvu za farasi 160 inabaki na kama 120. Ndiyo sababu ndeke ya viti vinne kwa Papa ni ndeke ya watu wawili, tanki nusu, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hata mchanganyiko wa hewa na mafuta anaupunguza kwa mkono kabla ya kuruka, la sivyo moteri inakohoa moshi mweusi. Mwongozo wa kiwanda uliandikwa kwa ajili ya viwanja vyote. Wa Kolwezi Papa ameuandika mwenyewe kwa penseli pembeni.

Nifike sasa kwenye yetu.

Mnakumbuka namba nyekundu zilizoandikwa kwenye kuta zetu, na vijana wenye fulana za kampuni waliopima vyumba na kuhesabu miembe. Mnakumbuka pia tulivyoambiwa kwamba makaburi hayataguswa. Tulihama. Seng'enge ikazungushwa. Baada ya wiki chache mama alitaka kwenda kufagia kaburi la baba, kama anavyofanya kila mwanzo wa kiangazi, walinzi wakamrudisha. Alirudi mara ya pili na barua ya mkubwa wa mtaa, akarudishwa. Mara ya tatu hakwenda. Aliniita jioni akaniambia, «Mwanangu, wewe na huyo mzee wako wa ndeke. Juu hakuna seng'enge. Uniangalilie kama baba yenu bado yuko.»

Mjue maana yake, mama yule wa godoro la 1978 kuniomba nipande ndeke.

Nilimwendea Papa Juni 2021. Alikubali bila kusita. Alisema Jumamosi ijayo tu, akishabadilisha mafuta ya moteri, maana ndeke ilikuwa imelala muda mrefu. Mwaka 2020, wakati wa Corona, viwanja vilifungwa, mipaka ikafungwa, petroli ya bluu ikakosekana. Ndeke ilikaa hangarini miezi na miezi. Mtu angefikiri imepumzika. Papa anasema moteri ya namna hii inaugua kwa kulala kuliko kwa kazi. Mafuta yanateremka polepole kutoka kwenye vyuma vya juu, unyevu wa mvua unaingia, na kutu nyembamba inaota juu ya ule mtaimbo wenye vinundu unaofungua na kufunga valvu. Siku unapowasha tena, vinundu vile vinaanza kujila vyenyewe.

Kila baada ya saa 50 za kuruka anamwaga mafuta, anatoa chujio, na halitupi. Analikata kama kopo la samaki. Ndani mna karatasi iliyokunjwa-kunjwa. Anaikunjua juu ya meza, anaikamua, anaipeleka juani, anapitisha sumaku. Jumamosi ile nilikuwa nimeshika taa na akili yangu iko kwa mama. Papa akanyamaza. Kwenye mikunjo kulikuwa na vipande vidogo vinavyometa, vyembamba kama magamba ya kapenta. Akapitisha sumaku, vikasimama vyote, vikashika.

Mji mzima huu unaamka alfajiri kutafuta kitu kinachometa ndani ya udongo. Watoto wetu wanajua uzito wa kobalti mkononi kabla ya kujua kuandika. Na mimi nilikuwa mbele ya mtu mmoja wa Kolwezi ambaye aliomba asikute chuma, na amekikuta.

«Hatuendi,» akasema.

Nilimwambia moteri inalia vizuri. Kweli ilikuwa inalia vizuri. Tuliiwasha tena, akajaribu manyeto ya kushoto, ya kulia, mshale ukateremka kidogo tu kama inavyotakiwa. Nilimwambia ni dakika ishirini, kwenda na kurudi. Nilimwambia kuhusu mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akaniambia niandike ndani ya kitabu tarehe, saa, na maneno haya: chuma ndani ya chujio, ndeke imesimamishwa. Mwandiko ni wangu. Mkono ulikuwa unanitetemeka kwa hasira.

Fundi wa Lubumbashi alikuja akatoa silinda moja, akachungulia, akatikisa kichwa. Moteri ikafungwa ndani ya sanduku la mbao, ikapita Kasumbalesa kwa lori, ikaenda Afrika Kusini kufunguliwa yote. Moteri hiyo kiwanda kinasema ifunguliwe ikifika saa 2,000. Yetu ilikuwa bado ina saa mia kadhaa mbele yake. Bei sitaitaja. Papa aliuza kiwanja chake cha kujenga ili kuilipa. Niwaambie ukweli, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sisi tumeondolewa kwenye ardhi tukiililia, na yeye anauza yake kwa hiari ili anunue vyuma. Kwa miezi mingi sikwenda hangarini. Wakati huo huo nyumba zetu zilivunjwa, moja baada ya nyingine, na mimi sikuziona kutoka juu wala kutoka chini. Mama hakuniuliza tena. Alikuwa akiniangalia tu, na mimi nikawa naepuka kupita kwake jioni.

Sanduku lilirudi baada ya zaidi ya mwaka. Papa hakunipigia simu. Alimtuma zamu wa kiwanja anipitie nyumbani, aniambie taa haina mtu. Nikaenda. Hatukusemezana mengi. Tulifunga buji nane, mbili kwa kila silinda, kwa sababu kila silinda ina moto mara mbili, mmoja ukifa mwingine unabeba.

Nilidhani sasa tunaondoka. Hapana. Moteri iliyofunguliwa upya haipakii abiria. Saa za kwanza aliruka peke yake, juu ya kiwanja tu, akizunguka kwa nguvu nyingi, kwa sababu ukiibembeleza mwanzoni pete za silinda hazikai vizuri na itakunywa mafuta maisha yake yote. Mimi nilikaa chini kwenye jiwe, nikisikiliza. Baada ya saa kumi akamwaga mafuta. Akakata chujio. Safari hii mimi ndiye niliyepitisha sumaku, polepole, mkunjo kwa mkunjo, na nilijikuta nasali. Ilitoka safi. Akaniambia tupite tena kwa upande wa pili. Ilitoka safi.

Basi, niliyoyaona.

Tuliruka asubuhi mapema, Papa na mimi tu, tumeomba njia kwenye mnara kama inavyotakiwa, na Papa alikuwa ameuliza saa za kulipua machimboni. Simu yangu ilibaki hangarini. Kupiga picha machimbo kutoka juu bila ruhusa ni kujitafutia kesi, na kesi tunayo tayari. Kwa hiyo picha msiniombe. Nilichora kwa penseli.

Kwanza nilipotea. Nimeishi mji huu zaidi ya miaka hamsini na sikujua ninaangalia wapi. Kutoka juu machimbo yanashuka kwa ngazi, na ndani ya mengine ya zamani mna maji ya rangi ya kijani na bluu, mazuri kuyaangalia. Malori makubwa tunayoyakimbia barabarani hayazidi punje ya mchele. Mbali kidogo ziwa la Nzilo lilikuwa jeupe kwa jua. Nilitafuta reli, maana nilijua mtaa wetu kwa jinsi reli inavyopinda, na nilipoipata kona nikaanza kuhesabu kutoka hapo.

Nyumba hazipo. Ninyi wa barabara ya juu, karibu na bomba la maji: hakuna kitu, ni udongo mwekundu uliosawazishwa. Ninyi wa upande wa shule: kuta za shule zimesimama, bati limeondolewa. Miembe mitatu nyuma ya kanisa ipo. Barabara ya kati inaonekana bado kama mstari, lakini inakatwa na seng'enge mara mbili.

Papa akazunguka kwa kulia, upande wangu, karibu mita 300 juu ya ardhi, hakukubali kushuka zaidi.

Makaburi yapo. Nayasema wazi kwa sababu wengi mmelia mkisikia yamechimbwa. Mistari inaonekana, majani ni marefu, hakuna aliyefagia. Baba yetu ana vigae vyeupe. Niliviona vyeupe vingi na siwezi kuapa ni kipi chake. Kijia tulichokuwa tunapitia hakipo tena. Juu yake wamemwaga mawe ya taka, kilima kizima, na mguu wa kilima hicho unakwenda upande wa makaburi. Nilimuuliza Papa ni umbali gani. Alizunguka tena, akaangalia, akasema ni chini ya urefu wa uwanja wa mpira mpaka mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza ni wa zamani, wa wale waliozikwa kabla ya 1990.

Nilipofika kwa mama aliuliza kwanza kama ndeke haikutikisika. Nikasema kidogo. Akauliza, «Na nani anayefagia?» Nikamwambia hakuna. Akakaa kimya, kisha akaniambia niandike majina, sio la baba tu, ya wote ninaowakumbuka, kwa mstari.

Ndilo ninalowaomba. Jumapili, baada ya misa ya pili, tunakutana chini ya paa la soko jipya huku tulikohamishiwa. Tunaandika barua moja ya kuomba njia ya kufika makaburini na kusimamishwa kwa umwagaji wa mawe upande huo. Kila familia ilete jina la marehemu, mwaka wa kuzikwa, na kama mnakumbuka, mstari na majirani wa kaburi. Cheti cha kifo mkiwa nacho, leteni nakala, sio yenyewe. Mlio mbali tumeni kwa namba ile ile mnayotumia siku zote. Nitasoma majina yote hewani ili anayeona kosa asahihishe. Wa mstari wa kwanza nawaomba muwe wa kwanza.

Papa amekubali kupita tena mwezi ujao, tupime kilima kimesogea kiasi gani. Kabla ya hapo moteri itakuwa imefikisha saa 50, na atakata chujio. Akikuta kitu ndani, tutangoja.